Saluni ya Ngamiani: kunyoa buku tatu, "kwetu" unapewa bure

Nianze na kichwa maana ndo kilichonipeleka. Kunyoa mtu mzima sh 3,000, mtoto 2,000, ukitaka kuoshwa uso na skrabu na kukandwa mabega inafika 7,000, na piko kwa wazee waliokataa kuzeeka bei mnaongea. Kwa Tanga hiyo si bei ya kulia, kuna vijana wananyoa chini ya mwembe huko Makorora kwa buku na nusu ila ukitoka hapo na vipele vyako usimlaumu mtu. Hapa sijawahi kutoka na kipele hata kimoja, na mi ngozi yangu ya kisogoni ni ya kuringa, nikibadilisha fundi tu inavimba. Jamaa anapulizia mashine spiriti we unaona, wembe anafungua mpya mbele yako, na akikuchonga mbele hakuachii lile paji la uso la kuazima, si unawajua wale wanaotafuta unyoofu wakila nywele kidogo kidogo mpaka mstari unafika utosini.

Saluni iko Ngamiani, barabara mojawapo ya zile za namba kubwa kubwa. Jina silitaji maana mbele huko ntalalamika, na wiki ijayo kichwa changu kitakua mkononi mwao tena.

Kwa msiojua Tanga, Ngamiani mitaa yake inaitwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, unaenda nazo ivo mpaka unachoka. Hii namba ina umuhimu wake ntawaambia.

Sasa fundi mkuu, mwenye saluni, ni mtu wa Bukoba. Utajuaje? Hutakaa dakika tatu. Hujauliza, hujafungua mdomo, kakufunga shuka shingoni kakuinamisha kichwa, "kidogo tu waitu, hapo hapo", alafu inaanza, "unajua kwetu Bukoba..." na mashine iko kisogoni kwaiyo huwezi hata kutikisa kichwa kukataa. Tanga wanasema waja leo waondoka leo. Huyu kaja leo miaka 14 iliyopita, kaoa hapahapa, watoto wake wanaongea kwa kuvuta maneno kama wamezaliwa na bahari, ila yeye ukimsikiliza utadhani begi lake bado liko stendi Kange na basi limewashwa.

Akipita kijana wa kahawa anagonga vikombe vyake, fundi anasimamisha mashine, ananunua kikombe kimoja, anakunywa, anakunja uso. Kwetu kahawa hainywewi ivi. Kwetu kahawa inatafunwa. Mgeni akija unamuwekea buni zilizochemshwa na majani yake ya harufu zikakaushwa, anatia mdomoni anatafuna mnaongea, hiyo ndo heshima. Ndo anaeleza ivo kila siku, na kila siku ananunua kikombe cha pili pamoja na kashata. Mi nilishawahi kutafuna hizo buni zake, alinipa. Ni kama kutafuna kijiti chenye siri. Mwanzo hakuna kitu, alafu usiku wa saa nane uko macho unahesabu mabati.

Senene pia nimekula, wanaletwa kwenye kopo la maziwa ya unga mwezi wa 11 ukifika, wamekaangwa wakavu, na hapa niseme ukweli ni watamu, nilikula huku nimefumba macho kidogo alafu nikafumbua nikaomba tena. Tatizo ni kwamba ukishakula senene wake umeshasaini. Kuanzia siku hiyo we ni mtu wake wa kuelezwa. Nimeelezwa ziwa, nimeelezwa shule na maprofesa, nimeelezwa migomba, nimeelezwa kwamba jina la mtu kwao lina maana na halitolewi tu kama namba ya gari. Hata malipo, ukilipa kwa simu jina likitokea kwenye kioo refu ivi, usilisome kwa sauti. Nimekosea mara moja nikalisoma, nikauliza "hili linatamkwaje", nikapoteza dakika kumi na bodaboda wangu nje akaondoka.

Na angekua yeye peke yake tungesema ni kinyozi mwenye maneno, vinyozi gani hawana. Shida pale kuna benchi.

Benchini kuna mzee mmoja ambae sijui ananyolewa lini maana kichwani hana kitu cha kunyoa. Yuko pale asubuhi mpaka adhuhuri, gazeti moja, kofia, na kazi yake ni kuilinda Tanga. Fundi akisema kitu cha Bukoba, mzee analipa papo hapo kama mtu anaerudisha deni. Fundi akasema kwetu kuna ziwa, la pili kwa ukubwa duniani kwenye maji baridi. Mzee bila kuinua macho kwenye gazeti, "ziwa gani hilo samaki wake mpaka uwatie chumvi ya dukani." Hapo saluni nzima ikacheka, na fundi mwenyewe akacheka mpaka akanitoa mashine kichwani, nashukuru aliitoa.

Siku ya vita ndo ilikua noma. Fundi anasimulia 1978 majeshi ya Amin yalivyoingia Kagera na daraja la Kyaka lilivyobomolewa, na kwenye hili hua hatanii, sauti inashuka, anasema wazee wake walikimbia na magodoro. Watu wakawa kimya kabisa. Mzee nae akakaa kimya kwa heshima, nikahesabu kama dakika moja, alafu akashindwa kujizuia. "Na sisi hapa 1914." Akaanza, Waingereza wameleta meli na maaskari wao kutoka India, wameshuka mwezi wa 11, Mjerumani yuko na askari wachache, wakati risasi zinalia nyuki wakatoka kwenye mizinga wakawatandika, jeshi likarudi majini. Hiyo ni historia kweli imeandikwa, mapigano ya Tanga yanajulikana mpaka leo kwa ajili ya wale nyuki. Ila mzee anavyoisimulia utadhani nyuki walikua na kadi za mtaa. "Nyuki wa Tanga hawauliziwi!" Mimi huku nimefungwa shuka nataka kusema kwamba mzee, nyuki hakuchagua upande na hata vita yenyewe ilikua ya wageni kwa wageni, walioachiwa makaburi ndo sisi. Sikusema. Mashine ilikua sikioni.

Mpira wanamalizana haraka. Mzee, Coastal Union bingwa 1988, Wagosi wa Kaya. Fundi, hiyo 1988 mi nilikua sijaanza hata shule. Mzee, ndo ujue tulianza zamani. Fundi hana jibu maana Kagera Sugar kombe la ligi haijawahi kulishika, anarudi kwenye maprofesa.

Alafu kuna lugha, na hapa ndo nilimuona mzee akipigwa kweli kweli kwa mara ya kwanza. Yeye anasema Kiswahili chenyewe ni cha Tanga, ushahidi Shaaban Robert, kazaliwa Vibambani hapo 1909, nani anabisha. Hakuna aliebisha. Ila fundi, na hapa nampa haki yake maana mtu anasoma, akauliza kwa upole, "sasa mzee, 1928 walipokaa Mombasa kuchagua Kiswahili cha kusanifisha mbona walichukua Kiunguja?" Kimya. Feni inazunguka. Mzee akakunja gazeti akalikunjua. "Kiunguja walikichukua wakaandikie. Sisi huku tunakiongea." Sijui hata inamaanisha nini hiyo ila alivyoisema saluni nzima ilikubali.

Wengine wanaokuja kuja: yupo bodaboda wa Lushoto anaeona joto la Tanga ni kosa la watu wa Tanga, kila akiingia anajipepea na kofia ya pikipiki anasema kwetu saa hizi ungevaa sweta, ila huyu tunamsamehe maana msimu wa plamsi analeta mfuko unazunguka benchi zima. Yupo dogo mmoja wa Dar alikuja likizo, huyu alikua na neno moja tu, "kule mjini", kule mjini hawanyoi ivi, kule mjini kuna kiyoyozi. Mzee akamuuliza taratibu kama daktari. Mjini wapi? Mbagala. Na kabla ya Mbagala? Buguruni. Na kabla ya Buguruni babu yako alitokea wapi? Dogo akajikuna. Korogwe. Mzee akarudi kwenye gazeti lake. Hakusema neno, na dogo wa watu hakutaja mjini tena mpaka kananyolewa kakaisha.

Na mimi nisijifanye. Mi mtu wa Muheza. Naona mshaanza kucheka, watu wa Tanga mjini wakisikia Muheza wanauliza bei ya machungwa. Kilomita kama 40 tu lakini kwao sisi ni shamba. Basi pale saluni nimeshasema mara ngapi sijui kwamba reli ya Mjerumani ilianzia Tanga 1893 ndio, lakini Muheza ilifika 1896 wakati Korogwe walikaa wanaisikia kwa masikio tu mpaka 1902. Nimeshasema kwamba yale maua madogo ya zambarau Wazungu wanayoweka madirishani asili yake ni milima yetu ya Usambara, Mjerumani aliekua na cheo hapa Tanga aliyatuma kwao mwisho wa miaka ya 1800 yakaitwa jina lake. Yaani niko nanyolewa ndevu, mdomo umefungwa na povu, nimenyoosha kidole kuomba nafasi niseme habari ya maua. Sasa mtu wa ivo anamlalamikia nani.

Nalalamika ivi. Maneno sio shida. Kwa buku tatu nimepata kunyolewa na historia ya nusu nchi, kuna watu wanalipa ada kwa hilo. Shida ni foleni.

Pale hakuna namba, hakuna daftari. Unaingia unauliza "nani wa mwisho", unamkariri, basi. Mfumo mzuri tu ukiheshimiwa. Jumamosi moja kabla ya sikukuu nimefika saa tatu asubuhi, mbele yangu watu wanne. Saa nne na nusu bado mbele yangu kuna watu wanne. Nikawa nawahesabu upya labda macho. Kumbe kila baada ya kichwa kimoja mlango unafunguka anaingia jamaa, anasema maneno mawili ya Kihaya, fundi anafurahi mikono juu, wanashikana, wanaulizana mpaka ng'ombe, na mgeni anakaa wapi? Kwenye kiti. Kiti cha kunyolea! "Huyu dakika mbili tu, huyu wa nyumbani." Dakika mbili na ndevu na skrabu juu. Siku ile walipita wa nyumbani watatu. Wa tatu hata sio wa Bukoba, ni wa Karagwe, nilisikia wakibishana wenyewe kama Karagwe ni kwetu au ni kwenu, wakakubaliana kwa ajili ya Tanga ni kwetu.

Nimetoka pale saa saba. Adhuhuri imenipita. Na mzee wa benchi, mlinzi wa Tanga, ambae angekua anaongea siku ile tungemwelewa, alikaa kimya kabisa, maana hana nywele, foleni haimhusu.

Kwaiyo nilikua nimepanga niandike hapa nyota tatu, niseme kwetu kwetu yenu ikae mdomoni isije kwenye kiti, nimalize. Ningeandika wiki ileile tungekua tumemaliza. Nikachelewa.

Mwezi uliopita fundi kaongeza kiti cha pili, kaweka kijana. Mpole, haongei, ananyoa kwa wakati, mi nikasema alhamdulillah, kimepatikana kiti kisicho na mkoa. Nimekaa benchini nasubiri, mbele yangu yupo mzee mmoja wa makamo, kanzu, baiskeli yake kaiegemeza nje pale kwenye nguzo, sijawahi kumsikia akisema kitu zaidi ya salamu. Yeye ndo alikua anafuata. Simu ya yule kijana ikaita, akapokea, akaanza kuongea na mama yake. Kibondei.

Wallahi sikupanga. Alipokata simu mdomo ukatoka wenyewe, "we wa wapi we?" Muheza. "Muheza ipi?" Bwembwera. Nikasimama. Bwembwera! Shangazi yangu kaolewa Bwembwera! Tukaanza, unamjua fulani, yule wa karibu na shule, unajua mjomba wake kahamia Mkuzi, ah kumbe, tukacheka tukapigana mikono, kichwa alichokua anakinyoa kikaisha, akakung'uta shuka, akanitazama na akasema, "kaa kaka, we mtu wa nyumbani, dakika mbili tu."

Na mi nikakaa.

Nilimwona yule mzee kwenye kioo. Alikua ameshanyanyuka nusu. Akarudi kukaa taratibu, akaweka mikono magotini, hakusema kitu. Fundi mkuu kule kwenye kiti chake alinitazama na yeye kupitia kioo na nikaona kabisa anacheka na nyusi. Nilinyolewa vizuri sana siku ile, lazima niseme, kijana ana mkono mwepesi kuliko bosi wake, na kisogoni hakuna hata kipele. Ila zile dakika zilikua ndefu. Nikamwambia basi inatosha, ndevu ntafanya siku nyingine, akasema hapana kaka, wa nyumbani hatoki nusu nusu. Akanifanyia na ndevu. Akaniwekea na taulo la moto. Mzee kwenye kioo bado yupo.

Basi mnaotaka kwenda: shuka la kunyolea jumamosi linanuka jasho la ijumaa, nenda jumatatu. Umeme ukikatika wana mashine ya chaji kwaiyo msiogope. Skrabu ni nzuri ila dada anaeifanya ni wa Pangani na atakuambia. Kiti cha kushoto ukitaka stori, cha kulia ukitaka kuwahi, isipokua ukute watu wa Muheza, hapo uwe mvumilivu. Nyota nne. Nilitaka kukata mbili kwa ajili ya foleni, nikaona ntakua najikata mwenyewe.

Nilivyomaliza siku ile nikalipa, nikampisha yule mzee, nikasema "shikamoo baba, samahani sana nimekupita." Akasema marahaba mwanangu haina shida. Akakaa, akafungwa shuka, na kabla hajainamishwa kichwa akaniuliza kupitia kioo, kwa sauti ya kawaida kabisa, "we mwanangu kwani ni wa wapi?"

Mtu ambae nimeisema Muheza kwenye lile benchi mpaka imechakaa. Nikamwambia mi wa hapahapa tu baba, Ngamiani.

"Barabara ya ngapi?"

Nikasema ya 14, nikatoka haraka kumuwahi bodaboda.